Kabureta ya Afande

Wakati wa vita nilikuwa kwa fundi mmoja kwenye gereji Jinja, afande akaingia na gari la jeshi lililokuwa likizima kila likipanda mlima. Akalaza bunduki juu ya boneti.

"Weka kabureta kubwa. Naenda Mbale, milimani."

"Kubwa itamwaga petroli gari likiinama, afande," fundi akasema taratibu. "Hii ndogo itakufikisha."

Akaifunga, akazungusha skrubu mpaka injini ikatulia.

"Na ikizima njiani?" afande akauliza.

Fundi akaanza kufuta mikono kwa kitambaa.

"Basi panda, twende wote."

Gari halikuzima, na hilo ndilo lililomponza: wanajeshi walimbakiza fundi huko miezi kadhaa akitengeneza magari mengine.

Sasa amani imerudi, lakini akiona sare ya jeshi mlangoni hukimbilia kusema, "Mimi naziba pancha tu, afande."