Njano Iliyogoma

Mpimaji wa maabara ya hospitali yetu hakuwahi kutia pua kwenye chupa. Aliupunga mvuke kwa kiganja ukamjia taratibu, kama anayemwita mtoto mwenye haya. Ncha za vidole vyake viwili zilikuwa nyeupe na zenye ganzi, tindikali ya fenoli ilizibabua zamani. Kila pombe ya magendo aliyoletewa aliitia kwenye neli ya kioo, akaidondoshea iodini na maji ya magadi, akaipasha moto, akangoja. “Hawa ni ndugu wa tumbo moja,” alituambia sisi wafagiaji. “Ethanoli huacha mashapo ya njano, huyo atakulevya tu. Methanoli haiachi kitu, na huyo, ndugu zangu, hula macho kwanza, roho baadaye. Haya, na chai yenu nayo niipime?”

Mchana mmoja mke wa kaka yake aliingia na chupa kwapani. “Wifi, kaka yako anatapika tangu alfajiri. Jana alikunywa hii.” Akapima. Njano haikuja. Yeye, ambaye hakurudia kipimo hata daktari akimsihi, aliosha neli, akapima upya, akaiinua dirishani na kuikodolea macho. Maji matupu.

“Wifi, anakuona vizuri?”

Mwenzake akacheka kwa uchovu. “Yule na vituko vyake! Nimemwacha ananigombeza nifungue madirisha, na yote yako wazi tangu asubuhi.”