Nyasi Aliyoniinulia Mama wa Adui Yangu

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, mwanangu, nilipotaka kuua ng'ombe wa watu. Usinitazame hivyo. Hata sisi wazee tulikuwa wajinga.

Nilikuwa kijana, nimehamia Kitengela kutoka Ukambani na mke wangu. Jirani yetu Lekishon alisogeza bikoni, lile jiwe la mpaka wa shamba, akatumezea robo ekari. Nilienda kwa chifu mpaka viatu vikaisha. Hasira hasara, husemwa, lakini nani husikia akiwa amepandwa na mori? Nikanunua dawa ya kupe, nikangoja boma lake liwe kimya, nikaimwaga katika pipa lililokatwa ambamo mifugo yake hunyweshwa.

Kisha nikasikia kengele za ng'ombe zikija. Mwanangu, niliogopa. Sikuwawazia ng'ombe tena. Niliwawazia watoto wa Lekishon, ambao wakitoka shule huchota hapo hapo wakanywa. Nilijua hilo tangu mwanzo. Miguu ikakataa kutembea.

Aliyenikuta ni mama yake Lekishon, kikongwe. Alinusa maji, akaniangalia. Nilidhani atapiga nduru. Badala yake aliinama, akang'oa nyasi kavu, akaniinulia. Kwa Wamaasai, anayekuinulia nyasi anaomba amani, na ole wako ukimpita.

"Kijana yangu, mwaga hiyo maji," alisema. "Mtoto wangu amekukosea, najua. Lakini wewe si Enkai. Wachia Enkai."

Ndivyo wamwitavyo Mungu. Tulipindua pipa pamoja, tukafukia tope, naye akawazuia ng'ombe kwa fimbo. Hakumwambia mtu. Lakini kwa miaka mingi, kila aliponisalimia sokoni, na alinisalimia vizuri, niliinamisha macho.

Shamba sijarudishiwa mpaka leo. Lekishon hakupigwa na radi. Yupo, anakunywa chai yake. Wakati mwingine huniuma, sitakudanganya. Lakini Mungu si Athumani, na siku ya hukumu yake si mimi wa kuipanga.

Basi ukidhulumiwa, mwanangu, shtaki, lia, omba, rudi kwa chifu hata mara kumi. Mkono wako tu usiupe kazi ya Mungu, kwa maana kisasi hakijui mkosaji ni nani na mtoto ni nani. Nami bado naogopa nikifikiria ingekuwaje kama dakika tano tu zingepita.

Mola akukinge na adui zako, na akukinge zaidi na hasira yako mwenyewe. Amina.