Tunguu Tuna Nani?

Vespa ilipoacha lami na kuingia Uroa, msafiri aliyepakiwa nyuma, mgeni wa kisiwa, hakujua wanaelekea wapi. Mehreen aliyeiendesha, mfamasia wa Mji Mkongwe, alijua hata mashimo. Kila mwezi huja skuli hapo kuwazungumzia wanafunzi wa kidato cha sita habari za vyuo, bure, na kwa hasira.

Siku hiyo watoto walikuja na wazee wao. Nusu ya darasa ilivaa kofia zilizogaiwa na dalali wa chuo kimoja cha bara. Mehreen alizitazama kama anavyotazama dawa iliyokwisha muda wake.

"Kakwambieni chuo chake kinasomesha nini?"

Mmoja akairekebisha kofia yake.

"Kofia mmezipima, chuo hamkukipima. Mashaallah."

Akawageukia wazee: watoto wataenda wapi? Tanga, kwa mjomba. Dar, kwa shangazi. Hakuna aliyetaja somo. Watu hawa, aliona Mehreen, wanachagua pa kulala.

"Bashira wangu Morogoro," alisema Shaame, muuza samaki. "Yupo mamake mdogo."

"Anakwenda kusomea nini, mzee wangu?"

"Chuo kipo karibu na nyumba."

"Na kiwanda cha sabuni kikiwa karibu zaidi?"

Watoto wakaangua kicheko. Bashira hakucheka.

"Mie nataka kusomesha kemia, baba. Chuo hicho hakina. Cha Tunguu, hapa hapa Unguja, kinayo."

"Tunguu tuna nani?"

"Pana dahalia, wanafunzi wanalala hapo hapo chuoni," alidakia Mehreen.

"Bi Mehreen, dahalia si mtu. Nani atamuuliza karudi saa ngapi?"

Mehreen alikuwa na jibu kali mdomoni. Akamwona Bashira kainamisha kichwa, kama aliyeshafunga mizigo ya Morogoro. Akalimeza.

"Atafikia kwangu, mjini. Gari za Tunguu zipo tele asubuhi. Na mama yangu hupekua hata pochi yangu."

Shaame akachangamka. Akauliza mama huyo ni binti nani, nyumba ipo mtaa gani, jirani zake akina nani. Akaridhika.

"Basi chuo kizuri hicho! Nenda, mwanangu."

Kuhusu chuo hakuuliza neno. Bashira alikuwa akilia na kucheka, na Mehreen alijidharau kuliko alivyowadharau wao: ameshinda kwa kujigeuza shangazi. Hakufika mlangoni, wazee wawili wakasimama.

"Na wangu, Bi Mehreen?"

"Mimi sina hoteli! Mwezi ujao nileteeni masomo, msiniletee ukoo!"

Akaiwasha vespa, akaondoka peke yake, kwa hasira kamsahau abiria wake. Msafiri alibaki barazani, na wale wawili wakamsogelea kumuuliza yeye anaishi wapi.