Msalaba wa Njano Mgongoni mwa Afisa

Nilimchora afisa wa serikali mduara na msalaba wa chaki ya njano mgongoni, siku aliyokuja kutuandikisha kwa ajili ya msaada, naye akapanda jukwaani akiwa nao. Naisimulia kwa aibu, lakini afadhali mnisikie mimi kuliko rafiki yangu Ndeshi, ambaye kila akiisimulia mtaani kwetu Sokon One huongeza msalaba mmoja.

Mitumba ilipojaa masokoni, na vitenge vya nje vikauzwa kwa bei ambayo sisi tusingeweza hata kununulia pamba yake, kiwanda chetu cha nguo kilifungwa. Mimi nilikuwa mkaguzi. Jora linapita taratibu juu ya meza yenye taa chini yake, macho yanatafuta uzi uliokatika au ulioruka, ukiona kasoro unaizungushia chaki, na ikiwa mbaya unaweka na msalaba, maana yake kitambaa hicho kisiuzwe. Kazi hiyo niliifanya miaka kumi na tatu, na mkono wangu ulishajifunza kutoniuliza.

Basi likaja tangazo kwamba serikali itawasaidia waliopoteza kazi: mafunzo ya ushonaji na cherehani moja kwa kila mtu, ila lazima uthibitishe kwamba ulifanya kazi kiwandani. Kitambulisho changu nilikuwa nimekifua ndani ya gauni (msinicheke, na nyie mmewahi kufua noti). Bila cherehani ile ningerudi Meru kulima kwa shemeji, na shemeji yangu namfahamu. Nikaamua kuvaa koti langu la kazini, la bluu, lenye jina la kiwanda kifuani, liwe ushahidi. Uamuzi mdogo tu. Mfukoni kulikuwa na kipande cha chaki.

Tulijazana mlangoni mwa ukumbi kule Themi, tukingoja. Mbele yangu alisimama baba mmoja mwenye suti ya kijivu, mpya, na chini ya bega la kulia nyuzi mbili za mlalo zilikuwa zimeruka, halafu kitambaa chenyewe kimelegea kama kimefumwa na mtu anayewahi msiba, na kabla sijajua nafanya nini nimeshazungusha mduara na kuweka msalaba. Akageuka.

"Samahani baba, kulikuwa na mdudu," nikasema.

"Asante sana mama," akajibu, kwa upole ulioniumiza.

Ndeshi, ambaye tulikuwa tukikagua naye meza moja, akaniinamia sikioni. "Umemkagua mtu."

"Nyamaza wewe."

"Tena umemkataa. Mfute basi, mtu wa watu atakosa mnunuzi."

Nikalamba ncha ya kanga, nikaanza kumsogelea, na hapo hapo karani akaita kwamba mgeni wetu kutoka Dar apite mbele, na yule baba wa suti ya kijivu akapita mbele.

Alizungumza vizuri, nakiri, akiwa ametuelekea. Kisha akageuka kuandika masharti ubaoni. Ukumbi mzima ulikuwa wa watu wa kiwandani, na alama ile hata mlinzi wa getini aliijua. Kicheko kilianzia safu ya mbele. Yeye akadhani mwandiko wake hausomeki, akafuta, akaandika kwa herufi kubwa zaidi, akinyoosha bega lile lile, na watu wakaanza kushikana wasianguke.

Mzee Lazaro, aliyekuwa fundi mitambo, akasimama. "Mheshimiwa, mgongoni umeandikwa usiuzwe."

Afisa akavua koti, akalitazama. "Nani kafanya hivi?"

Hakuna aliyenitaja. Hakukuwa na haja, koti la bluu lilikuwa moja tu ukumbini na vidole vyangu vilikuwa vya njano. Nikasimama, huku naiona cherehani yangu inaondoka kwa miguu yake.

"Shikamoo baba. Ni mimi."

"Marahaba. Wewe si ndiye wa mdudu?"

Ukumbi ukalipuka tena. Yeye akangoja watulie. "Suti hii nimeinunua juzi, dukani, nikaambiwa inatoka Ulaya, daraja la kwanza. Njoo unionyeshe hiyo kasoro."

Nikalipeleka koti dirishani penye mwanga, nikamwonyesha zile nyuzi. Mzee Lazaro akaja, akasema si mbili, ni tatu. Ndeshi akasema hata ukosi haufai. Mara nusu ya ukumbi iko dirishani, wanabishana mashine ya aina gani huruka hivyo, wafumaji wanawalaumu mafundi, mafundi wanawalaumu wafumaji, kama zamani kabisa, na afisa yumo katikati na shati lake, anauliza maswali na kucheka kuliko sisi. Sikuwa nimefurahi hivyo tangu geti lifungwe.

"Huyu mama hahitaji kitambulisho," akamwambia karani. "Mwandike wa kwanza."

Tangu siku hiyo nimeapa: nikienda penye watu, mikono yangu naishikisha kitu, hata kama ni kikapu kitupu.

Tatizo ni karani. Ni mtu wa utaratibu, na kwenye safu ya ushahidi, pale wenzangu walipoandikiwa namba za vitambulisho, mimi aliniandikia "alimchora mgeni rasmi". Cherehani za wenzangu zimefika, Ndeshi ameshashona sare za kwaya nzima ya usharika. Fomu yangu imerudishwa kutoka Dar mara mbili, yanatakiwa maelezo. Nimeyaandika, marefu kuliko haya, Mzee Lazaro akatia sahihi kama shahidi, na hadi leo hayajajibiwa.