Mamangu na Linux Isiyohama

Nilirudi Voi katikati ya miaka ya tisini, baba alipofariki, na sikutaka kurudi. Nilikuwa nimemaliza chuo Nairobi, nimepata kazi ndogo katika ofisi ya wahasibu, na nimeanza kuzoea kutembea haraka kama watu wa kule. Lakini mamangu alibaki peke yake na duka la vitambaa na leso karibu na soko, na mtoto wake ni mimi tu. Nikaomba kazi ya kufundisha hesabu katika shule moja ya upili pale mjini. Nilipoipata nilishuka kwenye treni na masanduku yangu, na kompyuta niliyoifunga kwa blanketi.

Kompyuta hiyo niliinunua pale ofisini walipokuwa wakiziondoa za zamani. Ilikuwa nzito, rangi yake kama maziwa yaliyokaa, na mfumo uliokuwa ndani yake ulikuwa umeliwa na virusi hata hauwaki tena. Rafiki yangu wa chuo alinipa mfuko wa disketi akaniambia kwamba humo mna Linux, mfumo wa bure ulioandikwa na watu wasiojuana, kila mmoja akiwa kwao. Akaniambia pia kwamba Linux haiji kwa sura moja. Kuna makundi mbalimbali, kila kundi linaifungasha na programu zake na kuitoa kwa namna yake, na wewe mwenyewe unachagua toleo unalolipenda. Neno hilo la kuchagua ndilo lililonikaa. Katika mambo yangu mengine wakati ule sikuona la kuchagua.

Nilianza kuiweka Jumamosi moja, dirisha likiwa wazi, vumbi jekundu likiingia pamoja na mngurumo wa malori ya barabara ya Mombasa. Disketi zilikuwa nyingi na kila moja ilisomwa polepole, kwa mkwaruzo. Nilipokaribia kumaliza, moja ikakataa. Niliitoa, nikaipuliza, nikairudisha, wapi. Jumatatu nikalalamika katika chumba cha walimu bila kutarajia jibu la mtu. Mwalimu wa fizikia, Mtaita mpole wa Mwatate ambaye tulikuwa tukisalimiana tu, akainua uso kutoka kwenye madaftari ya wanafunzi akaniuliza ni toleo gani. Nilidhani sikumsikia vizuri. Kumbe naye alikuwa nalo hilo hilo. Alilipata kwa padri mmoja mgeni aliyependa mambo ya redio, akaliweka kwenye kompyuta yake nyumbani. Kesho yake aliniletea nakala ya ile disketi, ameifunga kwa karatasi ya nailoni isiingie vumbi.

Ikawaka. Skrini nyeusi, maandishi meupe, na alama ndogo inayopepesa ikingoja niseme kitu. Kupata madirisha na picha ilikuwa kazi nyingine, kwa sababu ilinibidi niandike mwenyewe vipimo vya skrini, na maelezo yalionya kwamba ukikosea unaweza kuiunguza. Nilikisia. Skrini ikatoa mluzi mwembamba, mama akaja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi, akidhani ni birika. Nikachomoa waya ukutani. Alipoondoka nikakisia tena.

Baadaye mashine ikatulia, ikawa inafanya kila nilichotaka. Hapo ndipo nilipoanza kuichoka.

Mombasa palikuwa na duka la vitabu lililouza magazeti ya kompyuta kutoka Ulaya. Yalifika yamechelewa miezi, lakini kwenye jalada pamebandikwa sidii, na ndani ya sidii mna toleo jingine la Linux. Nilitafuta kisomeo cha sidii kilichotumika, nikakifunga ndani ya mashine kwa skrubu mbili badala ya nne, nikafuta kila kitu nikaanza upya. Toleo hilo la pili lilikuwa la Wamarekani, rahisi kuweka, lakini lilinificha mambo yake hata nikahisi ninaishi katika nyumba yenye vyumba vilivyofungwa. Nikaliondoa. La tatu lilikuwa la Wajerumani, limejaa programu kiasi kwamba diski yangu haikulitosha, nikakaa nikichagua cha kuacha. Likafuata lililotolewa na watu wa kujitolea, lenye maswali mengi kuliko msajili wa vizazi. Nililipenda sana hilo. Nililiondoa vilevile.

Ikawa desturi yangu. Ijumaa nikitoka shuleni, kabla hata ya kula, niliingiza sidii. Wakati mwingine ndovu waliangusha nguzo upande wa Ndara, stima ikapotea katikati ya kazi, na nikabaki na mashine isiyo na mfumo wowote, wa zamani wala mpya. Watu wengine wangekasirika. Mimi nilizunguka chumbani nikingoja stima irudi, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kidogo, kwa sababu kwa muda huo hapakuwa na kitu kilichokwisha kuamuliwa.

Mwalimu wa fizikia hakubadilisha. Alibaki na lile toleo lake la kwanza, akiandikia mitihani na kufanyia hesabu za majaribio ya maabara. Siku moja tukinywa chai aliniuliza ninatafuta nini. Nikamwambia natafuta lililo bora. Akauliza, bora kwa kufanyia kazi gani? Nikaanza kumweleza habari za kasi na usalama, nikasikia mwenyewe kwamba sijibu swali lake, nikasema kengele imelia. Haikuwa imelia.

Sasa, mamangu. Baada ya alasiri wateja hupungua, na alikuwa akija chumbani kwangu kukaa kwenye feni. Nikamwonyesha mchezo wa karata wa mtu mmoja uliokuja na Linux. Karata hazikuwahi kuingia nyumbani mwetu, lakini hizi, alisema, hazina mtu wa pili wa kudhulumiwa. Alijifunza kushika mausi kwa mikono miwili, kisha kwa mmoja. Kisha akataka kujua kuandika. Alipiga herufi kwa kidole cha shahada, akatengeneza tangazo la duka, leso mpya zimefika, nikamchapishia shuleni, akalibandika mlangoni akasimama nje kulitazama kama mpita njia.

Tatizo ni kwamba kila alipozoea, mimi nilikuwa nimehamisha. Leo karata ziko chini ya kitufe cha kushoto, wiki ijayo ziko ndani ya orodha nyingine, wiki inayofuata hazipo kabisa na badala yake kuna mchezo wa kutegua mabomu ambao aliuchukia. Maandishi yake niliyahifadhi kwenye disketi, sikuyapoteza hata mara moja, lakini programu ya kuyafungulia ilikuwa nyingine kila mara. Aliniuliza kwa upole karata zake ziko wapi, nami nikamwonyesha, na baada ya miezi akaacha kuuliza. Nilidhani amezoea.

Likizo ya Agosti nilipelekwa Mombasa kwenye semina ya walimu wa hesabu. Niliporudi, nilipita dukani kwanza kumsalimu mama. Juu ya meza ya kukatia vitambaa, karibu na mkasi, palikuwa na kompyuta. Skrini ilikuwa ndogo, na kibodi imefunikwa kipande cha leso. Mama alikuwa mbele yake amevaa miwani ya baba.

Nikauliza imetoka wapi. Akasema imetoka kwa mwalimu wa Mwatate. Alikuwa amemwendea shuleni mwenyewe, amejitanda buibui yake ya kutokea, akamwambia anataka kompyuta isiyohama. Mwalimu akaokota mabaki ya mashine mbili zilizokufa, akatengeneza moja, akaweka lile toleo lake, karata na programu moja ya kuandikia. Hakuna kingine. Alikaa naye mchana kutwa akimfundisha kuiwasha na kuizima, na nini cha kufanya stima ikipotea. Mama alimpa kitambaa cha suruali, na yeye akakikataa, na mama akampelekea mkewe.

Nilitabasamu, nikaenda nyumbani, nikakaa kitandani bila kuwasha mashine yangu. Nilikuwa na wivu, na niliona haya kuwa na wivu juu ya jambo kama lile. Mimi ndiye mwenye kompyuta katika nyumba ile. Mimi ndiye niliyemfundisha mausi.

Mama aliporudi kwa magharibi nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi.

Alivua miwani akaiweka mezani. "Ningekuambia, ungenipa iliyo nzuri zaidi. Halafu Ijumaa ungeniletea iliyo nzuri zaidi ya hiyo. Mimi nataka nikiacha kitu nikikute."

Nikasema naweza kuacha kubadilisha, ni mchezo tu. Akatikisa kichwa.

"Masanduku yako yale hujayafungua yote tangu uje," akasema. "Miaka inapita, na mimi napita pembeni yake nikifagia. Kama ni kuondoka, ondoka mwanangu, nitakuombea dua. Lakini usiniondokee na huku uko hapa."

Hakusema kwa hasira. Alikwenda kutawadha, nikabaki nikisikia maji ya kata yakimwagika. Nilitaka kumjibu kwamba nilirudi kwa ajili yake, lakini nilijua alikuwa analijua hilo, na nilijua kwamba ndilo lililomchosha.

Muhula ulipoisha niliandika barua kwa kampuni moja changa ya Mombasa iliyounganisha watu na intaneti. Walitafuta mtu anayejua Linux. Katika mahojiano waliniuliza nimetumia matoleo gani, na nilipoyataja yote wakacheka, wakanipa kazi. Nilimwambia mwalimu wa fizikia kabla ya kumwambia mwalimu mkuu. Nilikuwa bado nina kinyongo kidogo naye, na nadhani alijua. Akaniambia mamangu akikwama atapita kumwona, yeye hupita sokoni hata hivyo. Ndipo kinyongo kikanitoka, nikamshukuru vizuri, kwa ile disketi ya kwanza na kwa mengine.

Mombasa nilikuta wameshachagua. Toleo moja kwa mashine zote, na hakuna ruhusa ya kubadilisha chochote bila mkubwa wa kazi kujua. Miezi ya mwanzo nilihisi kama nimefungwa miguu. Nilikuwa na kompyuta yangu nyumbani, na huko niliendelea na sidii zangu, ingawa si kila Ijumaa. Mama alinipigia kwa simu ya duka la jirani pale mashine yake ilipoandika kitu asichokielewa. Kiingereza hakujua, kwa hiyo alinisomea herufi moja moja, na mimi nikiziandika mkononi hadi neno likatokea. Mara nyingi lilikuwa jambo dogo. Baada ya hapo tulizungumza mambo mengine, kwa urefu, kuliko tulivyowahi kuzungumza nilipokuwa chumba cha pili.

Idd iliyofuata nilikwenda Voi. Nilikaa mbele ya mashine ya dukani nikaitazama. Kila kitu ndani yake kilikuwa cha kale. Mfukoni nilikuwa na sidii mpya, haijafunguliwa, na vidole vilikuwa vikiniwasha. Nilimwambia mama kwamba kwa saa chache tu ningeweza kumwekea iliyo nzuri zaidi, yenye karata za rangi.

Aliniletea kikombe cha chai ya tangawizi, akasimama nyuma ya kiti na mkono wake begani mwangu, akasubiri mpaka nikaondoka hapo kitini.