Jina Lililopita Redioni

"Krrr!" Mlio huo wa redio ya upepo ulitunyamazisha sote kwenye zahanati ya Mbamba Bay. Daktari alikuwa juu kule Mbinga, na mvua zilikuwa zimeikata barabara, hivyo aliwahudumia wagonjwa kwa redio hiyo.

"Mama wa kiharusi yupo? Ova."

Alikuwapo, ameegemea bega la mumewe. Tangu augue hakuwa ametamka neno hata moja.

"Nesi, mwambie ataje jina la mumewe. Ova."

Mzee akadakia, nesi akiwa amebonyeza kitufe cha redio. "Daktari, muulize majina ya samaki! Langu hajalitaja tangu nimwoe. Huniita Baba Stela."

Foleni nzima ikacheka.

"Basi aseme Baba Stela. Ova."

Mama akatikisa kichwa. Midomo ikahangaika, ikatulia. Mzee akamwinamia. "Sema lolote, mama. Hata nitukane. Nyumba imekuwa kimya mno."

Sisi vijana tunaitana majina kutwa nzima, na ni nadra mtu kugeuka. Pale zahanati, hata wenye kikohozi walijizuia.

Mama akaushika ukosi wa mzee kwa mkono wake mzima, akamvuta karibu, akasema polepole:

"Osmundi."