Gari Mbili za Mikebe

Juzi, sokoni katika mtaa wa Beu, fundi wa viatu alikuwa akikata mpira kwa kisu cha moto. Harufu ile ikanisimamisha, nikamkumbuka baba.

Tulikuwa tunakaa Butembo. Baba alikuwa na lori lake, akibeba mizigo barabara ya kwenda mpakani Kasindi, na nyumbani tulimwona kwa nadra. Siku moja askari wakalichukua njiani, akarudi kwa miguu. Sisi watoto tuliambiwa kwamba wameliazima tu. Nikadhani baba yuko congé, likizo ya kazi.

Mchana mmoja alitutengenezea gari za mashindano, mimi na mkubwa wangu Saidi, kwa mikebe ya sardini. Magurudumu aliyakata kwa kisu cha moto kwenye kandambili kuukuu. Injini ilikuwa utepe wa chambre à air, ule mpira wa ndani ya tairi, uliosokotwa kwenye ekseli ya waya. Alifanya polepole. Kisha tukazipanga sambamba uani, Saidi akahesabu.

"Moya, mbili, achilia!"

Zikavuma vumbini mpaka kwenye ukuta wa jiko, yangu ikiwa mbele. Nilipogeuka, baba alikuwa amefumba macho.

"Papa, kesho utatutengenezea ingine?"

"Kesho niko hapa," alisema. "Na kesho kutwa, niko tu hapa."

"Muache papa yenu apumuzike kwanza," mama akasema.

Nikadhani amechoshwa na kukata mpira. Magharibi ile, nikiswali nyuma ya mama, nilimwomba Mungu kwa moyo wangu wote walioliazima lori walikawize.

Halikurudi, na baba hakuendesha tena gari lolote.